Jina Moja kwa Vifua Viwili

Kalunde alianguka saa tatu na robo asubuhi, mwiko mkononi, mbele ya sufuria la uji. Mimi nilikuwa wa nne kwenye foleni. Taa ya mkoba wake wa hewa ilikuwa ya njano tangu tulipopanga mstari na hakuna aliyejali, maana vumbi la chumvi la Rukwa hupaka kila kitu rangi hiyo. Sasa ilikuwa nyekundu.

Niliruka meza. Umri wangu si wa kuruka meza, lakini niliruka. Nikamlaza kifudifudi, nikabonyeza swichi ya mkoba mpaka ukafa kabisa, kisha nikauwasha upya. Zima, washa. Nimezunguka na bisibisi yangu kutoka Urambo mpaka Mbala na sijaona dawa inayoizidi hiyo. Mafundi wenye vyeti nao huanza hapo hapo.

Mkoba ukiamka haujui lolote. Haujui uko wapi wala uko mgongoni kwa nani. Kitu cha kwanza unachofanya ni kuita hewani, kuna mtu? Mnara ukisikia unaupeleka kwa Msajili, na Msajili si mtu, ni mashine iliyokaa kwenye kontena lenye ubaridi kule ofisini. Mkoba unamuuliza, mimi ni nani? Msajili anautazama muhuri ulio ndani ya kadi ya mkoba, anatafuta kwenye orodha yake, anajibu: wewe ni fulani. Ukishapata jina, mnara unakurushia umeme, chujio linazunguka, na mwenye mkoba anavuta pumzi isiyo na chumvi. Bila jina hakuna umeme. Betri ipo, ya dakika ishirini. Waliifanya ndogo makusudi, mtu asije akatembea nayo mpaka Sumbawanga.

Ule mkoba ulichukua dakika mbili kuamka. Nilikuwa nimemgeuza Kalunde ubavu na kumfunika uso kwa kanga yake iliyoloweshwa, wenzake wa jikoni wanampepea na masinia. Halafu kioo kikaandika: KARIBU, KWARE 212. Taa ikawa kijani. Chujio likaanza kuvuma. Kalunde akakohoa mpaka nikadhani atatapika, akafungua jicho moja.

"Uji unaungua," akasema.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mpaka nilipoona mstari mdogo chini ya jina, maandishi mekundu ambayo sikuwahi kuyaona maishani. Yalisema: MGOGORO WA JINA, 3 KATI YA 10.

Nikiwa bado nayasoma, redio ya ukutani ikaanza kukwaruza. Alikuwa Gaudensia, mke wa Mwalimu Apolinari wa Kambi ya Kaskazini, anamtafuta fundi Kapaya, yaani mimi. Alisema mkoba wa mume wake umekuwa wa njano tena sasa hivi, ghafla tu. Alisema saa tatu kasoro ulifanya hivyo hivyo, Mwalimu akaanguka akivaa viatu, naye Gaudensia akauzima na kuuwasha ukakubali. Nilimuuliza kioo chake kinasomeka jina gani.

"Kware mia mbili na kumi na mbili," akasema Gaudensia. "Kwani lina nini?"

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko.

*

Miezi saba nyuma ilipiga tufani ya vumbi siku tatu, chumvi ikapenya kwenye mikoba na kula kadi. Mimi ndiye fundi pekee niliyekuwa napita huku. Wa Mwalimu Apolinari niliupata kwanza, nikautilia kadi mpya. Baadaye nikaletewa wa Kalunde, na kadi mpya zimeisha, nina kuukuu moja isiyo na kitu ndani. Nikafanya kama nilivyoona wenzangu wakifanya Mpanda: nikanakili kadi nzima kwenye nyingine.

Lakini wale wa Mpanda walikuwa wananakili kadi ambayo haijawahi kuamshwa. Mkoba ukiamka mara ya kwanza hujichongea muhuri wake, na muhuri huo hauchongwi mara ya pili. Ukinakili kabla, kila kadi itaamka na kujichongea wake. Ukinakili baada, umenakili na muhuri. Mimi niliuamsha wa Mwalimu kwanza, nihakikishe unafanya kazi, ndipo nikanakili. Mtu mwangalifu, eti. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa akanifundisha. Mimi nachungulia mabegani mwa watu, nikiona mwanzo na mwisho, katikati najazia mwenyewe.

Miezi saba haikudhuru. Kaskazini walikuwa na mnara wao na Msajili wao, na Kusini sisi wetu. Kware 212 wa kule na Kware 212 wa huku walikuwa kama ndugu wasiojuana. Jana Mamlaka wakaiunganisha minara yote chini ya Msajili mmoja, wakatupa na soda za kusherehekea. Sasa Msajili anaona jina moja linaita kutoka pande mbili. Yeye hana habari ya watu. Anajua mmoja ni mwizi, na anampa umeme aliyeamka mwisho.

Kwa hiyo nilipomfufua Kalunde nilimuua Mwalimu. Kabla ya hapo Gaudensia, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemuua Kalunde. Na wa kwanza alikuwa Kalunde mwenyewe, aliyeuzima wake saa mbili na nusu apanguse vumbi, akauwasha.

Nilimweleza Gaudensia kwenye redio, na Kalunde pale sakafuni anasikiliza. Nikawaambia la kufanya: wapokezane. Betri ya aliyezimiwa ikikaribia kuisha, auzime mkoba wake na kuuwasha, achukue jina. Yule mwingine aingie kwenye betri, naye akikaribia achukue. Kila badilishano ni mgogoro mmoja kwenye hesabu ya Msajili. Hivyo ndivyo mstari mwekundu ulivyokuwa ukisema. Ukifika wa kumi, Msajili analifungia jina lenyewe, kwa wote wawili, mpaka aje mtu wa makao makuu na ufunguo. Mgogoro wa tatu ulikuwa umeshatumika. Nikapiga hesabu kwa vidole, ikanipa saa mbili na kitu.

"Yaani tunavuta pua moja," Kalunde akasema.

"Mwambie huyo mwanamke mume wangu anakoroma," Gaudensia akajibu kwenye redio. "Zamu yake pua ikikoroma, asishtuke."

Nikawapigia wa ofisini. Karani alikuwa mpole. Alisema majina ni mia sita na arobaini na yote yana wenyewe, kapu la majina ya ziada ni tupu, na getini wapo kumi na moja wanasubiri. Jina la nyongeza linaombwa makao makuu na linajibiwa kwa siku tatu, mara nyingi hapana. Nikamwambia nina jina langu, walihamishie kwa Kalunde. Sikusema kwa ushujaa, nilisema kwa sababu lilikuwa la kwanza kunijia kichwani. Nikamsikia akibonyeza. Akasema langu ni jina la mpita njia, halirithishwi wala halihamishwi. Nikitoka nalo, linafutika.

Nikamuuliza kama kuna jina lolote, popote, ambalo halina mtu.

"Fundi," akasema, "hilo unalijua wewe kuliko mimi."

Nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalikimbia tu.

*

Mwanzoni Mamlaka walikuwa wanalichukua jina la marehemu siku hiyo hiyo ya mazishi. Watu waligoma kukwangua chumvi siku nne, ndipo ikaandikwa sheria: jina linakaa siku arobaini, na nyumba yake inaweza kuihamisha kadi kwa mtu wao. Msajili hajui damu, anajua muhuri. Kwa hiyo kwenye nyumba za misiba utakuta mkoba umewekwa juu ya kiti, umewashwa, unavuma wenyewe, na watu wanakula na kupiga soga pembeni yake. Usipowashwa kwa saa nzima, jina linaanguka kapuni.

Mzee Kipeta alikuwa amefariki siku ishirini na moja nyuma. Yeye alikuwa wa kwanza kwanza kufika huku, jina lake Korongo 9, kambi nzima ilimwita Tisa. Alikuwa Mfipa na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Siku ya maziko nilishuka kaburini, nikalala chali na kukataa kutoka mpaka nipewe jogoo. Nikapewa. Nililia mle ndani, lakini ukiwa chali kaburini hakuna anayeuliza.

Nilimkuta mjane wake, Nakazwe, amekaa mkekani. Binti yao Skolastika alikuwa anapukuchua maharage, tumbo limejaa mbele yake mpaka ungo umekaa juu ya magoti. Mkoba wa Kipeta ulikuwa kwenye kiti chake. Ukutani, kwenye msumari, ulining'inia mkoba mwingine mdogo kama kibuyu. Huo niliuunda mimi, nikakata na mikanda, kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa. Ulikuwa unangoja kadi ya babu yake.

"Mnyamwezi," Nakazwe akasema. "Jogoo hakukutosha?"

"Alikuwa mgumu. Mfugaji wake alikuwa mgumu pia." Nikakaa bila kukaribishwa, ndivyo mtani anavyokaa. "Nyie mliacha uchawi mkasahau kuacha uchoyo. Nimekuja kuchukua kingine."

"Chukua. Si kazi yenu, kubeba vya watu? Mmebeba mizigo ya wenyewe mpaka njia zote mmezijua." Alikuwa anatabasamu. "Unataka kiti? Sufuria?"

Sikuweza kuendelea na mzaha. Mfukoni redio yangu ndogo ikasema kwa sauti ya Kalunde, "Zamu yangu, nawasha," na Gaudensia akaitikia, "Washa, mama." Huo ulikuwa mgogoro wa saba.

Nakazwe akauliza hao ni nani. Nikamwambia yote. Nilianza na kadi niliyonakili, maana nilitaka alijue hilo kabla ya mengine. Sikumficha kwamba ni kosa langu, sikusema vumbi wala Mamlaka. Nikasema Kaskazini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, ila Kalunde yuko hapa, hatua mia tatu. Nikiichukua kadi ya Kipeta nikamwekea Kalunde, Mwalimu atabaki na jina lake peke yake na wote wawili wataishi. Nisipoichukua, saa sita kasoro Msajili atafunga, na dakika ishirini baadaye Gaudensia atakuwa mjane, na jiko halitakuwa na mpishi.

Skolastika aliacha kupukuchua. Hakuna aliyemtazama, mimi wala mama yake.

"Yule mpishi," Nakazwe akasema mwishoni. "Ana watoto?"

"Hana."

"Ungesema anao."

"Hana, mtani."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayehesabu. Akaniuliza kama naweza kumwahidi jina la mtoto. Nikasema siwezi, mtoto haandikwi getini mpaka azaliwe, na mbele yake wapo kumi na moja. Akauliza kama mtoto anaweza kukaa bila mkoba. Nikasema siku mbili za kwanza, ndani, na shuka zilizoloweshwa madirishani, wapo waliokaa. Siku mbili. Akauliza je, wakimpandisha Skolastika Ufipa ya juu, kwenye hewa safi, azalie huko? Nikamwambia ni saa sita za kupanda na betri ni ya dakika ishirini. Kila swali alilouliza lilikuwa mlango, na mimi ndiye niliyekuwa naufunga, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya fundi anayeeleza jinsi chombo kinavyofanya kazi.

Redio ikasema, "Zamu yetu." Nane.

"Unajua tatizo lako?" Nakazwe akasema. "Umekuja kama mtani. Ungekuja kama mtu mwingine yeyote ningekukatalia."

Nilijua. Nilikuwa nimelijua tangu nilipotoka jikoni, na ndiyo maana nilikuja upesi kabla sijalifikiria sana. Mtani hazuiwi. Matanga hayajaanuliwa, chochote atakachoshika ni chake, na nyumba haimkasirikii. Nimeona watani wakitoka na redio, na baiskeli, mmoja alitoka na mlango. Watu hucheka, baadaye kitu hukombolewa kwa kuku au pombe. Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje mtani akichukua kitu kisichokomboleka.

"Sema ndiyo," nikamwambia. "Sitaki kuchukua kwa mila. Niambie ndiyo, au niambie hapana niondoke."

"Hapana," akasema Nakazwe. Lakini alikuwa hajamaliza. "Hapana, hunipi hiyo mimi. Nikisema ndiyo nimemuua mjukuu wangu. Nikikataa nimemuua mpishi, na mume wa mtu. Kadi ulinakili wewe. Kiti kile pale. Mkono unao."

Skolastika akainuka kwa shida, akashika ukuta, akaenda chumba cha ndani. Aliuacha mlango wazi.

Mkoba wa Kipeta ulikuwa unavuma vile alivyokuwa anavuma mwenyewe akiwa hai, na kakilio kadogo kila akimaliza kuvuta, kwa sababu ya bawaba niliyomwambia mara ishirini nimbadilishie akakataa. Redio ikasema, "Zamu yangu, ya tisa hii. Fundi, upo?"

Nilinyoosha mkono nikazima. Nikachomoa kadi.

Nilifikiri nyumba itakuwa kimya. Lakini maharage yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye ungo uliobaki umeinama, moja moja, kwenye sakafu.

*

Kalunde alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, mgongo ameupa ukuta. Alikuwa kwenye zamu yake, taa ya kijani. Nikawaambia wasibadilishane tena. Nikauzima mkoba wake, nikatoa kadi ile mbaya nikaivunja chini ya kisigino, nikaweka ya Kipeta, nikawasha.

Kuita hewani. Mnara umesikia. Mimi ni nani?

Safari hii sikuhesabu. Kaskazini Gaudensia alikuwa anazima na kuwasha wa Mwalimu kwa wakati huo huo, kwa maneno yangu, na wote tulikuwa tunasikilizana tukihema kwenye redio. Kama nilikuwa nimekosea tena, kama Msajili angeiona ile ya Mwalimu kuwa mgogoro wa kumi, ningekuwa nimewamaliza watatu kwa asubuhi moja.

"Kijani," Gaudensia akasema. "Fundi, kijani. Hakuna maneno mekundu." Halafu akaanza kulia, na nyuma yake nikamsikia Mwalimu akiuliza kwa sauti nzito kama bado kuna kipindi cha hesabu.

Kioo cha Kalunde kikaandika: KARIBU, KORONGO 9.

Wapishi walipiga vigelegele. Kalunde aliuzungusha mkoba mbele, akasoma. Nilikuwa nimeshaandaa uongo kwamba makao makuu wamejibu mapema. Hakunipa nafasi ya kuusema. Hakuna mtu kambini asiyejua Tisa ni nani, na hakuna asiyejua Skolastika ana miezi mingapi. Yeye Kalunde ndiye aliyekuwa anampelekea mchuzi kila jioni.

Alikitazama kioo mpaka kikazimika chenyewe. Kisha akaweka vidole juu ya swichi. Sikumgusa. Nilimwambia tu kwamba kadi imeshatoka, kwamba akizima sasa jina linaanguka kapuni na kuchukuliwa na wa kwanza aliye getini, mtoto halipati. Hiyo ilikuwa kweli nusu. Kadi ningeweza kuirudisha mle mle kwenye kiti, kama ningekimbia.

Akaondoa vidole.

"Usiniangalie, Kapaya," akasema.

Nikageuka.

*

Mtani akishachukua lazima arudi ale katika nyumba aliyochukua. Asipokula, kile alichochukua kinakuwa wizi. Nilikaa mlangoni kwa Nakazwe muda mrefu kabla ya kubisha, na kubisha si kawaida ya mtani, nao walilisikia hilo.

Walikuwa wamepika. Skolastika aliniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe. Ugali na yale maharage. Nakazwe alikaa mkabala na mimi, kwenye kile kiti. Mkoba tupu walikuwa wameuweka chini.

Nilikula. Hawakula pamoja nami, walingoja. Hakuna aliyeleta utani na mimi sikuthubutu kuanza. Nusu ya sahani, Skolastika akaushusha ule mkoba mdogo kutoka msumarini, akauweka mapajani, akaupangusa vumbi kwa upande wa kanga.

"Babu," akasema, "mtoto akizaliwa tukauwasha huu, wenyewe utafanyaje?"

Nikamweleza kama ninavyomweleza mtu yeyote, maana ndicho nilichokuwa nacho. Nikasema utajichongea muhuri wake. Utaita, mnara utasikia. Utauliza mimi ni nani. Msajili akikosa jina hajibu. Utangoja nusu dakika, utauliza tena. Utangoja dakika nzima, utauliza tena.

"Hauchoki," nikasema. "Utauliza mpaka betri iishe."

"Na yeye?"

Nilimega tonge jingine. Lilikuwa limepoa, na Nakazwe alikuwa ananitazama nilimeze.